Kinyozi wa Chemchem Aliyeidai Sahara

Mtu mwenye haraka hakwenda kunyolewa kwa Kinyozi. Hilo lilijulikana mtaa wetu wote wa Chemchem, na wageni waliambiwa mapema, kama mtu anavyoambiwa kwamba mbwa wa nyumba fulani huuma. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wembe wake mkali, maji yake ya moto hayakukosekana. Tatizo lilikuwa Sahara Magharibi. Ulikaa kitini, akakufunga kitambaa shingoni, akapitisha mashine mara mbili tatu, kisha akaizima, akasimama nyuma yako na kukutazama kwenye kioo.

"Unajua kuna watu waliahidiwa kura," alikuwa akisema, "na mpaka leo hawajapiga?"

Usingeweza kuinuka. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshanyolewa.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu na chake vilitenganishwa na bati, na baraza ilikuwa moja, kwa hiyo hotuba ile nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia mahubiri ya padri wetu. Kwamba huko juu, kaskazini-magharibi kabisa mwa Afrika, iko nchi ya mchanga kando ya bahari. Kwamba mkoloni wake alipofungasha, jirani yake Moroko aliingia akaikalia. Kwamba wenyeji wengi walikimbilia jangwani upande wa pili wa mpaka, wakapewa mahema, na humo ndani ya mahema wamezaa, wameoza mabinti na wamezika wazee. Na kwamba waliahidiwa kura ya maoni, waseme wenyewe kama wanataka kujitawala au vipi, na kura hiyo haijapigwa.

Mteja alikuwa akiitikia. Nani atabishana na mtu aliyeshika wembe?

Kila asubuhi nilipofungua kibanda nilimpa shikamoo. Kila mzee wa mjini hapa hujibu marahaba, akakuuliza habari za nyumbani. Yeye alijibu, "Marahaba. Bado." Mwanzoni nilidhani anamaanisha bado hajanywa chai.

Siku moja nilimuuliza yote yalianzaje. Nilitegemea kusikia kwamba alikuwa na rafiki huko, au aliwahi kusoma habari zao zikamliza. Akaniambia hapana. Alikuwa ananyoa, redio imewashwa, mtangazaji akasema kuna watu watapiga kura ya kuamua nchi yao. Jioni akafungua redio asikie matokeo. Hawakuyataja. Kesho yake vilevile. Akasubiri wiki ile, akasubiri mwezi ule, kama anavyosubiri mtu aliyeondoka uwanjani kabla mpira haujaisha.

"Nilitaka kujua matokeo tu, mwanangu," akaniambia. "Mpaka leo nataka kujua matokeo tu."

Msimfikirie kuwa msomi wa mambo hayo. Mengi aliyachanganya. Kwa muda mrefu aliamini watu wa kule wanakula mchele wa kwetu, kwa sababu aliona picha ya wali gazetini. Aliwahi kutangaza barazani kwamba ngamia hutaga, na alipobishiwa akasema hajathibitisha lakini mambo mengi ya jangwani hayajathibitishwa. Alichokijua bila kuyumba ni kimoja: kuna ahadi ilitolewa na haikutimizwa. Hilo halikumtoka moyoni. Mtu akimwambia atakuja Jumanne akaja Jumatano, hakumnyoa mpaka aeleze.

Aliyepata taabu zaidi kwa ajili ya nchi ile, ukiacha wenyewe, ni bwana harusi mmoja, mwimbaji wa kwaya ya Wamoraviani. Alikuja asubuhi ya harusi yake. Kinyozi akanyoa upande wa kushoto, akazima mashine, akaanza hotuba. Alipomaliza na kuiwasha tena, umeme ulikuwa umekatika. Bwana harusi akajitazama kwenye kioo. Upande mmoja alikuwa kijana nadhifu, upande wa pili alikuwa kama ametoka porini kurina asali.

Kinyozi hakubabaika. Akachukua mkasi, wembe na kopo la maji, akamwambia watembee. Wakatoka hivyo, bwana harusi mbele na kitambaa shingoni, Kinyozi nyuma akikata huku anatembea, nami nyuma yao nikibeba koti, kwa sababu koti hilo nililishona mimi na sikutaka lipate maji. Kichwa kilimalizikia kwenye ngazi za kanisa. Ndani kwaya ilikuwa imerudia wimbo wa kuingilia mpaka sauti ya tatu imepotea. Baadaye ukumbini bibi harusi alimuuliza mumewe mbele ya watu nini kilimchelewesha. Kijana wa watu alikuwa mkweli. Akasema, "Sahara." Nasikia yule mama hadi leo akimkasirikia mumewe humwambia arudi huko huko Sahara.

Bendera niliishona mimi. Alikuja na picha iliyofifia: nyeusi juu, nyeupe katikati, kijani chini, pembetatu nyekundu pembeni, mwezi na nyota katikati. Nyeusi nilitoa kwenye kipande cha suruali, kijani kwenye sketi za shule. Tukaitundika mlangoni kwake, ikapendeza, na matatizo yakaanza.

Bendera hiyo, ukiitazama kwa mbali, ni ya Palestina. Kabla ya adhuhuri mzee mmoja wa msikitini alishakuja na sahani ya tende kumpongeza. Alasiri akaja jirani yetu mlokole, mtu mpole sana, kumwambia kwamba hatanyolewa tena hapo kwa sababu za kiroho. Kinyozi akawaeleza wote wawili kwamba hiyo ni nchi nyingine kabisa, tazameni mwezi na nyota. Mlokole akasema mwezi na nyota ndivyo vimezidi kuharibu. Mzee wa msikitini akasema si neno, lakini aliitazama sahani yake, na tende zilikuwa zimeshaliwa. Kabla ya magharibi mwenyekiti wa mtaa akapita kuuliza kwa adabu kama chama hicho kimesajiliwa.

"Si chama, ni nchi," Kinyozi akamjibu.

Mwenyekiti akafikiri. "Nchi nayo si lazima isajiliwe?"

"Hapo ndipo penye tatizo," akasema Kinyozi, akamvutia kiti.

Mwenyekiti alitoka amenyolewa vizuri na amechelewa kikao.

Alikuwa na kasoro zake pia, na nisipozisema nitakuwa namremba. Siku ya uchaguzi wa serikali ya mtaa alikaa barazani tangu asubuhi akiwahimiza wapita njia wakapige kura, maana kuna wenzao jangwani wanaililia. Aliwahimiza mpaka kituo kikafungwa, naye hakuwa amekwenda. Na nyumbani kwake hakuna aliyeruhusiwa kugusa redio.

Lakini kisa cha nyumbani kwake kinastahili kuelezwa taratibu.

Alikuwa na desturi ya kwenda Puge siku za mnada wa ng'ombe, akiwa na kiti cha kukunja na mkasi. Wafugaji walimpenda, kwa sababu mtu aliyetoka machungani hana haraka. Wao waliielewa Sahara kuliko sisi. Kwao haikuwa siasa. Walisikia kuna wafugaji wa ngamia wamefukuzwa malishoni kwao na wanazuiwa kurudi, wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akaongea na wenzake kwa Kisukuma, kisha akaenda zizini akarudi na mtamba mwekundu, amefungwa kamba, akamkabidhi Kinyozi. Akamwambia awapelekee wale watu waanze upya.

Huwezi kukataa zawadi ya namna hiyo mnadani. Akarudi na ng'ombe Chemchem.

Kumfikisha Sahara haikuwezekana, na hilo hata yeye alilijua, ingawa aliwahi kuulizia stesheni. Basi akamfunga uani. Mkewe, mama mnyamavu aliyelima matembele na bamia nyuma ya nyumba, alivumilia siku za mwanzo. Kisha mtamba akakata kamba, akala matembele yote, akalala juu ya bamia. Mama akasema auzwe. Kinyozi akasema haiwezekani, ng'ombe huyu si wetu, ni mali ya taifa lingine. Mama akasema basi achinjwe. Kinyozi akashtuka kama ametajiwa vita.

Masika yakaingia na upepo, ukang'oa mabati ya chumba chao cha kulala. Mama akarudia, kwa sauti ileile ya chini, kwamba ng'ombe auzwe wapate bati. Kinyozi akakataa tena. Usiku mvua iliwapiga kitandani, na mchana ng'ombe wa taifa lingine alisimama chini ya mwavuli wa turubai aliomjengea.

Ndipo mama akachukua godoro, sufuria na kanga zake, akahamia jiko la nje. Nilikwenda kumuona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele.

"Mama, umehama?" nikamuuliza.

"Sikuhama. Nimekimbia," akaniambia. "Nchi yangu imekaliwa. Mwambie mwenzio wa baraza kwamba nadai kura ya maoni."

Nilipeleka ujumbe. Kinyozi aliupokea kwa uzito wote. Alikubali kwamba kura ni haki ya kila mtu, na kwamba itapigwa, ila kwanza lazima ijulikane nani anastahili kupiga. Je, watoto walioolewa mbali wahesabiwe? Je, shemeji wa Usinge aliyewahi kulala pale msimu mzima wa tumbaku? Akasema jambo hilo lisiharakishwe. Mama, alipoletewa majibu hayo, aliinama akachochea moto.

Masika yote yakapita hivyo. Sisi majirani tulicheka mwanzoni, kisha tukaacha. Mama alikonda. Alipika jikoni, akala jikoni, akampelekea mumewe chakula mpaka mlangoni, akageuka bila kuvuka kizingiti. Kinyozi alianza kukosea. Akamkata mteja sikio. Siku moja akawa anatoa hotuba yake kama kawaida, akafika pale pa watu waliokimbilia mahemani kungoja kura, na akanyamaza. Mteja akadhani amemaliza. Kupitia upenyo wa bati nilimwona amesimama, mashine inaunguruma mkononi, anatazama ukutani ambako hakuna kitu.

"Mwanangu," akaniita. "Wewe unaweza kusimamia uchaguzi?"

Tuliufanya kesho yake asubuhi, uani, ng'ombe akiwa shahidi. Nilileta bakuli lenye kifuniko. Punje ya mahindi, ng'ombe abaki. Punje ya maharage, ng'ombe aondoke. Wapiga kura walikuwa wawili. Mama akaingiza mkono, kisha Kinyozi. Nikafunua. Zilikuwa punje mbili za maharage.

Mama akatazama bakuli, akamtazama mumewe. "Na wewe?"

"Kura ni siri," akasema Kinyozi. "Haiulizwi."

Akaenda mwenyewe kubeba godoro. Ng'ombe alipelekwa Usinge kwa shemeji, ambaye alikubali kumtunza kwa niaba ya taifa husika, na mabati tuliyapigilia sisi majirani.

Baada ya hapo ndipo alipopata ari ya kuandamana. Alikwenda polisi kuomba kibali, nami alinichukua kama ushahidi kwamba hayuko peke yake. Afisa alikuwa mstaarabu. Akauliza anaandamana dhidi ya nani. Kinyozi akasema dhidi ya waliochelewesha kura. Afisa akaacha kuandika, akauliza ni kata gani hiyo. Walipoelewana, afisa akasema haoni kosa, ila watembee pembeni ya barabara wasizuie magari, na askari mmoja atawasindikiza.

Njia aliyoichagua ni ile ya zamani ya misafara, inayotoka mjini kuelekea Kwihara. Nilimwambia iko njia fupi yenye watu wengi, inayopita sokoni. Akakataa. Alisema njia ile babu za watu waliipita wamefungwa shingoni, wamebebeshwa pembe za ndovu za wengine, na hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Yeye amezaliwa amefunguliwa. Ataipita hiyohiyo. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia akizungumza hivyo, na hakuirudia.

Tukaanza: yeye na bendera, mkewe na dumu la maji, mimi, na askari. Tulitembea polepole kwa sababu ya magoti yake, kimya, kwa sababu hatukuwa na wimbo. Watu wanne wanaotembea polepole na kimya, kitambaa kimetangulia, mwanamke kajitanda kanga: watu wa kwetu wakiona hivyo hawaulizi. Mama mmoja alitoka uani kwake, akajifunga kanga kiunoni, akaingia nyuma yetu. Kisha wengine wawili. Mwanamume akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akaisukuma. Kufika nje ya mji tulikuwa umati, na akina mama wa nyuma walikuwa wanalia kwa staha.

Askari ndiye aliyeshtuka kwanza. Akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini marehemu ni nani.

Tuliposimama Kwihara ikabidi Kinyozi awaambie. Akapanda kwenye kichuguu, akasema hakuna aliyekufa, akaeleza yote. Watu walitazamana. Walikuwa wameacha kazi zao, na wengine walishatuma nyumbani waletewe unga na kuni, kama ilivyo kwenye misiba. Nikawaza watatupiga.

Bibi mmoja aliyekuwa amelia kuliko wote akajifuta machozi. "Kwa hiyo hao watu wapo hai?"

"Wapo, bibi."

"Na wamenyang'anywa kwao?"

"Ndiyo."

"Basi sijalia bure," akasema. "Huo unga uleteni."

Wakapika pale pale. Tukala ugali na maharage, askari naye akala, na kila aliyemaliza alimfuata Kinyozi, akampa mkono na kumwambia pole. Alizipokea pole zote, moja moja, kwa niaba ya nchi ya mchanga, amesimama wima kama mfiwa.

Nimebakiza siku moja, nayo si ya zamani.

Siku hizi mjini wapo wageni wa kazi za reli. Mchana mmoja gari lilisimama barazani, akashuka mhandisi, mtu wa makamo, ndevu zimemzidi, pamoja na dereva wake, kijana wa hapa. Mhandisi akakaa kitini. Kinyozi, kama ilivyo ada, akamuuliza dereva mgeni ametokea wapi.

"Moroko," dereva akasema.

Niliondoa mguu kwenye pedali. Barazani kulikuwa na wazee wawili wanacheza bao, nao wakaacha kete mkononi. Mgeni alikuwa anatazama kwenye kioo, na kwenye kioo, nyuma ya bega lake, ilionekana bendera. Aliitambua; niliona anavyoitambua. Kinyozi alikuwa na wembe wazi. Mgeni angeweza kuinuka, maana kichwa chake kilikuwa bado hakijaguswa. Hakuinuka. Akalegeza kola ya shati.

Miaka yote ile sisi tulisubiri hotuba, na kama ipo siku ilistahili kutolewa ni siku ile. Kinyozi akalaza wembe mezani, akaosha mikono, akaifuta.

"Muulize amewahi kufika kule."

Dereva akauliza. Mgeni akajibu kirefu, polepole, anatazama magoti yake. Dereva akatafsiri. Yeye hajafika. Baba yake alifika. Katikati ya nchi ile umejengwa ukuta wa mchanga, mrefu kuliko kutoka hapa hadi pwani, na juu yake wanakaa askari. Baba yake alikaa juu ya ukuta huo ujana wake wote. Aliporudi nyumbani, kila asubuhi alikung'uta viatu kabla ya kuvivaa, na hakukuwa na mchanga ndani. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Kinyozi alisikiliza kichwa kimeinama.

"Muulize, huyo baba alipopelekwa, aliambiwa atarudi lini."

Mgeni akajibu neno moja. Dereva akasema, "Aliambiwa hivi karibuni."

Kinyozi akachukua brashi ya povu. Akamnyoa mtu yule ndevu, akamchonga masharubu, akamsafisha shingo, akamkanda uso kwa kitambaa cha moto, na muda wote huo hakusema hata neno. Sikuwa nimewahi kumwona akimaliza kichwa bila kukatiza kazi. Mgeni alipoinuka waliangaliana kidogo. Akampa Kinyozi mkono, akauweka mkono ule kifuani, akaenda kwenye gari.

Habari zilimfikia mama kabla gari halijakata kona. Alikuja mbio, kanga inaburuta, akasimama mlangoni akitazama sakafuni kama kuna damu.

"Nasikia amekaa hapa," akasema.

"Amekaa."

"Ukamfanya nini?"

Kinyozi alikuwa anafagia nywele. Alizikusanya zote, akasimama, akaegemea ufagio.

"Nimemnyoa," akasema. "Amependeza sana."

Mama akaingia, akakaa kwenye kile kiti. Mumewe akasimama nyuma yake, na wote wawili wakatazama nje, barabarani, ambako vumbi la gari lilikuwa bado halijatua.